Doa la Oili Chini ya Gari

Mwezi huu tumeacha pembeni uji wa mtoto na chanjo. Tunataka kuzungumza juu ya gari, na hasa juu ya kile kitu kizito cha chuma kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma, ambacho mafundi wetu wanakiita difu. Tunaomba usigeuze ukurasa. Huku kwetu Arusha, kuanzia Njiro na Sakina hadi Tengeru na Usa River, gari la nyumbani limekuwa mkono wa kulia wa mama. Linapeleka watoto shule, linabeba ndizi na mboga kutoka soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, na usiku jirani akishikwa na uchungu, hodi hupigwa kwenye nyumba yenye gari. Tena mwenye kushika ufagio asubuhi ndiye anayeliona kwanza doa jeusi mahali gari lilipolala. Wengine humwaga mchanga juu yake na kuendelea na kazi. Sisi tunasema, kabla ya mchanga, lichunguze.

Kwanza tuelewane difu ni nini. Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Hilux, Hiace na zile Noah za zamani, nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, ikafuata ile fimbo ndefu inayozunguka chini ya gari, yaani propela, kisha ikaingia kwenye difu. Difu huigeuza nguvu hiyo na kuigawa kwa magurudumu mawili. Nayo huigawa kwa busara. Kumbuka kwaya inapoingia kwa maandamano na kukata kona: aliye upande wa ndani hukanyaga karibu palepale, na aliye upande wa nje hutembea hatua ndefu, lakini mstari haukatiki. Magurudumu ya gari nayo ni hivyo hivyo. La nje halina budi kwenda mbali zaidi kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoruhusu jambo hilo. Fundi saa mmoja wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alipata hataza ya kifaa hiki katika miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke, muda mrefu kabla ya magari ya petroli.

Ndani ya difu kuna gia kubwa zinazosagana zikiwa zimezama katika oili nzito. Oili hiyo ina milango mitatu ya kutorokea: mbele, pale propela inapoungana na difu, na kwenye ncha mbili za ekseli, karibu na magurudumu. Kila mlango una mlinzi wake, nayo ni sili. Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaoikumbatia shafti inapozunguka, na nyuma ya mdomo huo kuna springi nyembamba kama uzi wa kufumia inayoubana. Kitu kidogo, chepesi, na mara nyingi bei yake haifiki ya kuku wa kienyeji. Lakini kikichoka, oili yote itatoka tone kwa tone, gia zitasagana kavu, na hapo utaulizwa bei ya difu nzima.

Wale wenye magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama IST na Passo, wajue kwamba difu yao imejificha ndani ya giaboksi. Kwao doa litaonekana mbele, karibu na gurudumu, na kama gari ni la otomatiki mara nyingi oili huwa nyekundu. Kazi hiyo ina mambo yake na hatuishauri ifanyike uani. Maelezo yanayofuata ni ya wale wenye difu ya nyuma.

Katika uuguzi tumefundishwa kwamba kabla ya kutibu unauliza: kinatoka wapi, kina rangi gani, kinanuka nini, kilianza lini. Fanya vivyo hivyo kwa gari. Jioni panguza sehemu ya chini kwa kitambaa kikavu, kisha utandike boksi kubwa lililokunjuliwa, lile la sabuni au la biskuti, na uandike juu yake upande wa mbele na upande wa nyuma. Asubuhi boksi litakuambia. Matone yaliyo mbele chini ya injini ni ya injini, si mada yetu. Maji maji mepesi yanayoteleza, karibu hayana rangi au ni ya manjano hafifu, yakiwa karibu na gurudumu, yaweza kuwa mafuta ya breki, na hapo gari lisitoke nyumbani kabisa mpaka fundi afike. Oili ya difu ni nzito, hung'ang'ania vidoleni, na harufu yake huwezi kuisahau: inanuka kiberiti, kama yai viza. Harufu hiyo inatokana na madini ya salfa yaliyochanganywa humo ili kulinda meno ya gia. Ukiinusa mara moja hutadanganywa tena na mtu yeyote kwamba ni maji ya mvua.

Sasa, mahali inapotoka ni jambo kubwa kuliko wingi wake. Ikitoka mbele ya difu, kwenye propela, utaona difu imelowa na vumbi limeganda juu yake kama ugali mweusi, na mara nyingine oili imerushwa na propela hadi sakafuni mwa gari kwa chini. Hiyo inakupa nafasi. Siyo ya miezi, lakini ni nafasi ya kununua sili na kungoja Jumamosi, mradi usawa wa oili uangaliwe.

Ikitoka kwenye ncha ya ekseli, habari ni nyingine. Utaona upande wa ndani wa gurudumu umelowa, na ukuta wa tairi una michirizi. Mahali hapo ndipo penye breki. Magari mengi ya aina hii yana breki za drami nyuma: shuu mbili zenye ngozi ngumu zinapanuka na kulishika drami kwa ndani. Oili ikiingia humo, shuu huteleza. Na usisahau kwamba katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu.

Mama mmoja jirani yetu aliambiwa na fundi mmoja kwamba ule unyevu ni grisi tu, si neno. Siku moja alipanda kuelekea Nkoaranga na watoto watatu nyuma, akasimama kwenye mteremko kumshusha bibi mmoja mwenye mzigo. Akavuta breki ya mkono, akashuka kusaidia kushusha gunia la viazi. Gari likaanza kurudi nyuma polepole likiwa na watoto ndani. Bahati njema kulikuwa na vijana wa bodaboda hapo. Mmoja alisukuma jiwe nyuma ya tairi, mwingine akaruka ndani na kukanyaga breki. Hakuna aliyeumia. Drami lilipofunguliwa lilikuwa na oili ya difu kama bakuli la mchuzi. Nani asiyeijua miteremko ya mlima huu? Kutoka Poli, kutoka Ilkiding'a, kutoka Sambasha, barabara zote zinaangalia chini, na masika yakishika, udongo wake huteleza kama sabuni. Ndiyo sababu tunasema: mbele ya difu, ngoja Jumamosi; kwenye gurudumu, gari lisimame leo.

Tena shuu zilizolowa oili hazikaushwi. Tumeona zikipigwa msasa, na tumeona zikimwagiwa petroli na kuchomwa moto, eti oili itoke. Oili imeshaingia ndani ya ngozi kama mafuta yanavyoingia ndani ya andazi. Zikipata joto itatoka tena. Zinunuliwe mpya, na za magurudumu yote mawili, ili breki zishike sawasawa.

Kazi ya sili ya ncha ya ekseli sisi hupeleka kwa fundi. Ekseli inapaswa kuvutwa nje, mara nyingi bomba la breki linafunguliwa, na katika magari mengi beringi imebanwa kwenye shafti kwa nguvu ambayo haipatikani nyumbani bila mashine ya presi. Sili ya mbele, ile ya pinioni, yaweza kubadilishwa uani na mtu mwenye subira, vifaa na msaidizi. Kwetu kazi hiyo imefanyika chini ya mwembe, baba watoto na kijana wetu wa kidato cha nne wakiwa chini ya gari, na sisi tukishika tochi, tukihesabu bolti kwenye sufuria kuukuu na kusoma alama kwa sauti.

Lakini kabla ya kununua sili, uliza swali ambalo mafundi wengi hawaliulizi: kwa nini hii ya zamani imekufa? Kubadilisha sili bila kujibu swali hilo ni kama kubadilisha bandeji kila siku juu ya kidonda chenye mwiba ndani.

Jibu la kwanza, na kwa mazingira yetu ndilo tunalolipa uzito zaidi, ni kipumulio. Juu ya ekseli, karibu na difu, pana kidude kidogo kama kofia ya kalamu, au kimpira chembamba kinachopanda juu. Watu wengi wamemiliki gari miaka kumi bila kujua kwamba kipo. Difu inapofanya kazi hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Kipumulio huitoa. Sasa fikiri vumbi letu. Mlima Meru ni volkano, mlipuko wake mdogo wa mwisho ulikuwa mwaka 1910, na udongo unaouzunguka ni majivu ya zamani yaliyosagika. Kiangazi, ukipita njia ya Ngarenanyuki, vumbi lake ni laini kama unga wa sembe. Linaingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Mvua ikinyesha linakuwa tope, tope linakauka, na kipumulio kinazibwa kabisa. Hewa iliyokosa njia inasukuma oili, nayo oili inasukuma mdomo wa sili hadi inapenya. Utanunua sili mpya, itavuja tena baada ya wiki mbili, utagombana na muuza spea kwamba amekuuzia bandia, kumbe kosa ni la kidude ambacho kingesafishwa kwa mafuta ya taa na brashi ya meno iliyochakaa. Kikisafishwa vizuri, kile kikofia huzunguka na kuchezacheza kwa kidole. Kama hakichezi, kinunuliwe kingine.

Jibu la pili ni beringi. Gari likiwa limezuiwa vizuri, shika mahali propela inapoungana na difu na uitikise juu na chini. Kuzunguka kidogo kulia na kushoto ni kawaida, kwa sababu gia zina nafasi baina yake. Lakini ikicheza juu na chini, beringi ya pinioni imekwisha, na sili yoyote utakayoweka itatafunwa. Vivyo hivyo kama difu inalia, sauti kama ya nyuki inayobadilika unapoongeza au kupunguza mwendo. Hapo usifungue kitu nyumbani. Mpelekee mtu mwenye vipimo.

Jibu la tatu ni maji. Difu iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na maji huvutwa ndani. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yamo, na oili yote ibadilishwe hata kama sili ni nzima. Sababu nyingine ni uzee wa mpira, au mtu aliyejaza oili kupita kiasi.

Basi tuseme beringi ni imara, difu hailii, na mmeamua kufanya. Hapa tuongee kama wauguzi. Sisi tuliofanya kazi wodi za majeruhi tumeona kifua cha mtu aliyeangukiwa na gari lililokaa juu ya jeki tupu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kukalia. Tafuta mahali tambarare na pagumu. Kama uani ni udongo tupu, weka ubao mpana na mnene chini. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa mbele na nyuma, kwa maana breki ya mkono haitasaidia nyuma ikishainuliwa. Inua, kisha weka stendi za chuma mbili chini ya ekseli, ushushe gari likae juu yake, ulisukume kwa mkono kuona kama linatikisika. Wala usitumie tofali. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Na kama stendi hamna, na jirani hana za kuazima, kazi ingoje. Hata ukisikia "ni dakika tano tu", ingoje.

Watoto wadogo wawe kwa bibi siku hiyo. Tunalisema hili kwa sababu nyingine pia. Wakati wa kusafisha vyuma watu humimina mafuta ya taa kwenye chupa ya soda na kuiacha kando ya gari. Mtoto wa miaka miwili mwenye kiu haulizi. Ikitokea amekunywa, usimtapishe, wala usimlazimishe kunywa maziwa kama wengi walivyozoea. Akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo madhara makubwa yalipo. Mvue nguo zilizolowa, umnawishe, na umkimbize hospitali iliyo karibu hata kama anaonekana mzima. Kwa hiyo mafuta ya taa yakae kwenye kopo la bati lenye mdomo mpana, lisilofanana na chombo chochote cha kinywaji.

Anza na oili. Kuna bolti mbili kwenye difu, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Fungua ya juu kwanza. Ukifungua ya chini na kumwaga oili yote, halafu ya juu ikagoma kwa kutu, utabaki na gari lisilo na oili na lisilo na njia ya kuijaza, na safari ya kwenda mjini itakuwa ya kuvutwa kwa kamba. Ya juu ikikubali, ndipo ufungue ya chini juu ya beseni. Tazama oili inayotoka kwa tochi. Vumbi laini la chuma si ajabu kwa difu ya siku nyingi, lakini vipande vinavyoonekana kwa macho ni meno yaliyovunjika.

Hatua inayofuata ni ya alama, na hapa chupa yetu ya rangi ya kucha ilipata kazi ya heshima. Piga mstari mmoja unaovuka kutoka flenji ya propela hadi flenji ya difu, ili zirudi zilivyokuwa; zisiporudi hivyo propela yaweza kutetemeka. Fungua bolti nne, uifunge propela juu kwa kamba isining'inie kwenye kiungo chake. Sasa utaona nati kubwa katikati ya flenji. Piga alama ya pili inayopita juu ya nati, juu ya ncha ya pinioni na juu ya flenji, na uhesabu nyuzi za bolti zinazojitokeza nje ya nati. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, usiiamini kichwa.

Nati hii ina siri. Ndani, baina ya beringi mbili, magari mengi yana bushi laini ya chuma iliyotengenezwa ili ibonyee kiasi, nayo ndiyo inayoweka mkazo wa beringi. Ukikaza nati kupita mno, bushi itabonyea zaidi, beringi zitabanwa, zitapata moto na kufa. Ukiiacha imelegea, pinioni itacheza na meno ya gia yataliwa. Kwa kazi yenyewe iliyo sahihi kiwandani, mkazo hupimwa kwa chombo maalumu. Njia ya alama ni ya nyumbani, na inafaa kwa difu iliyokuwa kimya na imara kabla ya kufunguliwa. Nyingine zote zipelekwe kwenye vipimo.

Ukingo wa nati umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa pinioni ili usifunguke. Uinue kwa tindo dogo, polepole. Flenji ishikwe na fito ya chuma iliyofungwa kwa bolti mbili, msaidizi akiikanyaga, na nati ifunguliwe kwa soketi yenye mpini mrefu. Itatoka kwa jasho. Flenji ivutwe kwa chombo cha kuvutia. Ukiigonga kwa nyundo kutoka nyuma, waweza kuipinda. Ikishatoka, ipanguze na upitishe ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa ukikaa. Kama ukucha unanasa kwenye mfereji, sili mpya nayo haitazuia kitu, na flenji itafutiwe nyingine.

Sili ya zamani ing'olewe kwa bisibisi bapa, bila kukwaruza chuma kilichoizunguka. Kabla ya kuitoa, pima kwa kipande cha kijiti imezama kiasi gani. Sasa ilinganishe na mpya: upana wa nje, upana wa ndani, unene, na namba zilizoandikwa usoni. Ndiyo sababu hatupendi kununua sili kwa kutaja jina la gari tu dukani. Noah mbili zinazofanana nje zaweza kuwa na difu tofauti. Namba ya fremu ya gari, au sili ya zamani yenyewe mkononi, haidanganyi.

Paka grisi kidogo kwenye mdomo wa sili mpya. Upande wenye springi uangalie ndani, kwenye oili. Iingizwe ikiwa wima kabisa, kwa kugonga taratibu kuzunguka ukingo wake wote kwa kipande cha bomba chenye upana unaolingana, hadi ifikie kina kile cha kijiti. Ikiingia upande mmoja ikainama, itoe na uanze na nyingine. Hapa ndipo haraka inapogharimu. Tulipofika hatua hii tuliwaita mafundi wetu wanywe chai kwanza.

Flenji irudi, na nati, ikiwezekana mpya, ikazwe hadi alama zikutane na hesabu ya nyuzi ilingane, kisha kidogo sana kupita hapo. Nati mpya haina alama yako, basi pima kwa nyuzi, na kwanza linganisha unene wake na ile ya zamani. Zungusha flenji kwa mkono. Izunguke laini, bila kukwama na bila kutikisika. Ndipo ukingo wa nati ugongwe tena kwenye mfereji, propela ifungwe kwa alama zake, bolti zikazwe.

Oili ya kujaza iwe ya difu, na kwenye chupa iwe imeandikwa GL-5, kwa uzito ambao kitabu cha gari kinautaja; kwa magari mengi ni 80W-90 au 90. Usikubali kuuziwa oili ya injini kwa sababu "zote ni oili". Jaza gari likiwa limekaa sawa, hadi ifikie ukingo wa chini wa tundu na kuanza kutiririka. Ikome hapo.

Mikono isafishwe kwa sabuni na maji, na mafundi wavae glavu tangu mwanzo. Oili iliyotumika si rafiki wa ngozi, na petroli ya kunawia ni mbaya zaidi. Iliyomwagwa iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko, lililoandikwa. Isimwagwe mferejini, maana mifereji yetu inashuka hadi kwenye mito ambayo wenzetu wa chini wanamwagilia mboga na kunywesha ng'ombe. Uliza kwenye gereji kubwa kama wanapokea oili chafu. Wala isipakwe kwenye kidonda cha mtoto au cha mbuzi. Bado tunaletewa vidonda vilivyopakwa oili, mwaka huu wa leo.

Mama mmoja alituuliza kama zile dawa za kuziba mvujo, zinazouzwa kwenye vichupa na kumiminwa ndani, zinafaa. Nyingine hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, na mvujo ukapungua kwa muda. Mdomo uliopasuka hauponi, kipumulio kilichozibwa hakizibuki, na beringi iliyokwisha haikazi. Fedha ya kichupa hicho tungeongeza kwenye nati mpya. Baada ya kazi, liendesheni gari mwendo wa kama nusu saa, kisha msogeze mkono karibu na difu: joto la kawaida ni sawa, lakini ikiwa haishikiki kwa moto, beringi zimebanwa na gari lirudi kwa fundi. Jioni tandikeni lile boksi. Litandikeni tena baada ya wiki moja, na baada ya safari ndefu ya kwanza, kwa sababu sili iliyoingia vibaya huficha tabia yake siku mbili tatu.